Daftari Kabla ya Kipaza Sauti

Kila mwezi wa Mei ukikaribia, vijana wa chuo kikuu hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, huja kunialika. Wanataka niwasimulie usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, makomando walipoingia katika mabweni ya wanafunzi na umeme umekatwa. Naenda, kwa sababu waliokufa wanastahili kutajwa na mtu aliyesoma nao. Lakini siku hizi sianzii 1990. Naanzia 1941, na naona wanavyotazamana: mbona mzee huyu anatupeleka kwa mababu?

Nimekuwa kiongozi wa wanafunzi, nikawa mtu wa chama, nikagombea uchaguzi, na sasa naandika. Katika yote hayo nimejifunza jambo moja linalozidi mengine. Mrengo wa kushoto katika jiji hili haujawahi kukosa watu jasiri. Ulichokosa ni kumbukumbu zilizoandikwa na kusomwa na wenye shida wenyewe. Kila kizazi kimepanda jukwaani kikiamini kwamba ndicho cha kwanza kudai mkate na heshima, na kila kizazi kimepigwa palepale walipopigwa waliotangulia, bila kujua.

Nililelewa katika kambi ya wafanyakazi. Baba alifanya kazi kwenye tanuru, chini ya lile bomba refu linaloonekana kutoka kila pembe ya mji, na shuleni, hospitalini, hata kwenye unga wa mwisho wa mwezi, kampuni ya madini ndiyo iliyokuwa mlezi wetu. Watu wazima walikuwa na msemo wao, tangu enzi za Wabelgiji kampuni ilipoitwa Union Minière: Union Minière njo baba, njo mama. Kampuni ikabadilika jina ikawa Gécamines, msemo ukabaki. Katika utoto wangu wote pale kambini sikuwahi kumsikia mtu akisema kwamba yule baba aliwahi kuwapiga risasi wanawe.

Habari yenyewe ni hii. Vita ya pili ya dunia ilipandisha bei ya kila kitu, na shaba ya mkoa wetu wa Katanga ikahitajika kwa wingi na majeshi ya Washirika. Wafanyakazi wazungu walidai mishahara zaidi. Wafanyakazi weusi nao walidai, wakaacha kazi. Tarehe 9 Desemba 1941 walikusanyika kiwanjani hapa mjini, wakati huo ukiitwa Elisabethville, wakasubiri jibu. Jibu lilikuwa risasi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa akizungumza kwa niaba yao, aliuawa pale. Idadi ya waliokufa pamoja naye inabishaniwa hadi leo. Hesabu ya utawala wa kikoloni na hesabu ya watu wa kambini hazijawahi kukutana.

Mimi habari hizo nilizipata nikiwa tayari mwanafunzi wa chuo kikuu, kutoka kwa mstaafu mmoja niliyempelekea trakti yetu, karatasi ya siasa tuliyokuwa tukigawa. Alikuwa kijana siku ile ya kiwanjani. Alisoma trakti polepole, akaikunja vizuri, akaniuliza kama tunajua kwamba maneno yale yale yaliwahi kusemwa mjini hapa kabla baba zetu hawajaoa. Sikuwa na jibu. Nilirudi kwake mara nyingi baadaye, hadi alipofariki.

Trakti zenyewe tuliziandika kwa Kifaransa kizito. Tulikuwa tukisoma Fanon, mwandishi aliyepinga ukoloni, katika nakala zilizofifia, hotuba za Lumumba zilizonakiliwa kwa mkono, na jina la Mulele, kiongozi wa uasi wa miaka ya 1960, tulilitaja kwa sauti ya chini. Tulijua pia kuhusu Kinshasa: tarehe 4 Juni 1969 askari waliwafyatulia risasi wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium waliokuwa wakiandamana, na mwaka 1971, wenzao walipotaka kuwakumbuka, wanafunzi wa chuo kile wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Lakini tulijua kama mtu anavyojua hadithi ya kijiji cha mbali. Hakukuwa na karatasi iliyoeleza walijipanga vipi, walidai nini hasa, nani alikuwa na kazi gani siku ile. Walituachia ushujaa wao, ila namna ya kufanya kazi hatukuirithi.

Kisha ikaja 24 Aprili 1990. Rais Mobutu alitangaza huko N'Sele, karibu na Kinshasa, kwamba enzi ya chama kimoja imekwisha. Hapa chuoni tuliruka kwa furaha, na nisingependa kijana yeyote wa leo aidharau furaha ile, maana tulikuwa tumezaliwa na kukua chini ya chama kimoja. Siku zilizofuata zilikuwa na moto. Kulizuka ugomvi mkali kati ya wanafunzi na wenzao walioshukiwa kuwa wapelelezi wa utawala, watu wakapigwa, na usiku ule wa Mei makomando wakaja. Mimi nilikuwa nikilala kwetu kambini, kwa hiyo nilifika asubuhi. Sitaeleza nilichokiona. Walioeleza wametosha, na familia bado zipo.

Ninachotaka kijana akielewe ni kilichofuata. Serikali ilikiri kifo kimoja. Wengine walisema makumi, wengine mamia. Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule, magazeti ya nje yakaandika, na bado mpaka leo hakuna hesabu inayokubalika na wote. Wanafunzi walikuwa wametoka kila mkoa na walikimbilia kila mkoa. Orodha ya bweni, chumba kwa chumba, majina na kijiji cha kila mmoja, ndiyo ingeweza kusimama mbele ya kauli ya serikali. Nilitambua pale kwamba mwenye mamlaka hahitaji kukushinda kwa hoja. Anahitaji tu kwamba wewe usiwe na daftari.

Tangu mwaka ule nilianza kuandika majina. Kila mkutano, kila mgomo: nani alikuwepo, anaishi wapi, anafanya kazi gani, analipwa kiasi gani, unga ni bei gani wiki hiyo. Wenzangu waliniita karani wa mapinduzi.

Mwaka 1992 ndio ulionifanya mtu wa siasa kweli, na ndio ulioniumiza kuliko yote. Konferensi ya taifa, mkutano mkuu wa kupanga mfumo mpya wa nchi, ilikuwa ikiendelea Kinshasa, na mwezi Agosti ikamchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa asili ya Kasai, kuwa waziri mkuu. Mkoa wetu wa Katanga wakati huo uliitwa Shaba, na wanasiasa walianza kuwaambia watu kwamba umaskini wao umeletwa na majirani zao wenye asili ya Kasai. Kamoto, mgodi mkubwa wa Kolwezi, ulikuwa umeporomoka Septemba 1990. Kampuni iliyozalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986 ilikuwa inashuka hadi isifike hata 50,000 mwaka 1993. Mkate ulikuwa unapungua mezani, na badala ya kuuliza nani anaukata, watu walifundishwa kumtazama aliyekaa kando yao.

Rafiki yangu mkubwa wa chuoni alikuwa amepata kazi Likasi. Babu yake aliletwa na Union Minière kutoka Kasai katika miaka ya 1920, kama maelfu ya wengine walioandikishwa kwenda migodini. Yeye na baba yake walizaliwa huku. Nilimkuta kwenye stesheni ya Likasi, na familia yake yote, chini ya turubai, wamefukuzwa, wakisubiri treni ya kwenda Kasai, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Watu walilala pale kwa majuma, wengine kwa miezi, na watoto walikufa kwa surua na kuhara. Tuliketi juu ya sanduku lake la vitabu. Aliniuliza, bila hasira, tabaka la wafanyakazi tulilokuwa tukilihubiri chuoni liko wapi.

Nilirudi Lubumbashi, tukaitisha kikao cha chama chetu kidogo cha mrengo wa kushoto. Watu wachache walikuja, na hata hao walikuja kwa hofu. Wasomi tulisema maneno mengi kuhusu ubepari na ukabila. Hayakumgusa mtu. Mwishowe yule mstaafu wangu akasimama, akashikilia kiti, akasema: "Kule kwa kiwanja, risasi haikuulizaka mutu anatoka wapi." Akaeleza waliokuwa wamesimama karibu naye mwaka 1941: huyu wa Kasai, huyu wa Luapula, huyu wa kaskazini ya Katanga, na walichokuwa wakidai wote kwa pamoja. Kikao kizima kilinyamaza. Kijana mmoja aliyekuwa amevutiwa na upande wa waliotaka kuwafukuza watu wa Kasai alilia.

Ningetoa chochote maneno yale yawe yamechapishwa miaka 10 kabla, yasomwe katika kila kambi kutoka hapa hadi Kolwezi. Sidai kwamba yangezuia lililotokea. Siasa ile ilikuwa na fedha na silaha. Lakini watu wangekuwa na kitu cha kujibu. Walikuwa mikono mitupu.

Miaka ya vita naipita haraka. Utawala ulibadilika 1997, vita ikarudi 1998, na kwa watu wa mrengo wetu ulikuwa wakati wa kunyamaza na kufundisha. Nilifundisha sekondari. Daftari ziliongezeka.

Mwaka 2003 na 2004 kampuni iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Watu waliokuwa hawajalipwa kwa miezi mingi walipewa karatasi ya kusaini na pesa za mkupuo. Hiari ya mtu mwenye njaa ni jambo la kufikiria. Nilizungumza dhidi ya mpango ule popote nilipopata nafasi, na uchaguzi wa 2006 ulipofika nikagombea ubunge wa mkoa.

Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi katika zaidi ya miaka 40. Mgombea urais alitakiwa kuweka dhamana ya dola 50,000, na hata hivyo walijitokeza 33. Wenye fedha walikuja na malori ya vitenge, fulana na bia. Sisi tulikuwa na baiskeli, kipaza sauti cha betri na imani. Katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, nilihutubia kwa muda mrefu kuhusu Benki ya Dunia na madeni. Watu walipiga makofi, walipenda. Nilipomaliza, mama mmoja muuza samaki wakavu akanivuta kando. "Baba, bwana yangu alisainiaka karatasi ya Kifaransa, bakamupatia makuta, ikaisha. Ile karatasi ilikuwa inasema nini?"

Nilimwomba ailete. Kesho yake aliileta, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha ndoa. Tulikaa kwenye kibanda chake, nikaisoma mstari kwa mstari kwa Kiswahili chetu. Kilichomshangaza hakikuwa kiasi cha pesa. Ni kwamba mumewe alitia saini kukubali kwamba hatadai tena. Wakaja wengine na karatasi zao. Wiki nzima ya kampeni ikaishia pale, na meneja wangu wa kampeni, kijana mwenye bidii, akawa ananisihi turudi jukwaani. Sikurudi. Nilishindwa uchaguzi kwa mbali. Ila nilikuwa nimepata kazi yangu.

Katika uchaguzi uleule Antoine Gizenga, naibu wa Lumumba wa mwaka 1960, mwanzilishi wa chama cha PALU, alishika nafasi ya tatu na kuwa waziri mkuu mwenye umri wa miaka 81. Tulifurahi, halafu tukatazamana. Kura zake zilitoka hasa mkoa wa Bandundu, nyumbani kwake. Huku kwetu, mahali alipouawa Lumumba tarehe 17 Januari 1961, jina la mrengo wa kushoto halikumwambia kitu mama wa soko. Tunakwenda Shilatembo, pale penyewe alipouawa, kila mwaka kuweka maua. Ni jambo jema. Maua hayo, hata hivyo, hayamwelezi mtu karatasi aliyosaini.

Kijitabu changu cha kwanza kilikuwa kurasa chache za fotokopi zilizobanwa kwa pini, kikieleza haki za aliyeachishwa kazi. Nilikiandika kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Wasomi wenzangu wa chama walinikemea kwa upendo: uchambuzi wa kweli ni wa Kifaransa, na Kiswahili, kama ni lazima, basi kiwe cha vitabuni. Niliwakumbusha kwamba mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu, tangu kuja kwa wazungu, kwa Kiswahili hikihiki cha hapa, kwa niaba ya chama cha waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani. Maboi wa zamani waliona kwamba kisa chao kinastahili kuandikwa. Itakuwaje sisi wenye digrii tuone haya?

Kuandika kwa watu wa namna hii kulinifundisha zaidi ya chuo. Kila rasimu niliisoma kwanza kwa sauti uani kwa wastaafu, bukari, yaani ugali wetu, ikiwa motoni. Wasiojua kusoma ndio wahariri wakali kuliko wote, maana sikio lao halidanganywi na maneno makubwa. Nikisema "unyonyaji", mmoja anauliza: kiasi gani? Kwa mwezi? Nani aliandika hiyo namba? Nilijifunza kuweka mshahara karibu na bei ya mfuko wa unga wa mwaka huohuo, na kuacha msomaji afanye hesabu mwenyewe. Hasira anayoifikia mtu kwa hesabu yake mwenyewe inakaa. Ile ninayompa mimi kwa kipaza sauti huisha kabla hajafika nyumbani. Nilijifunza pia kutaja waliokosana nasi kwa haki, kwa sababu katika kambi ndogo kila mtu anajua ukweli, na uongo mmoja wa kishabiki unachoma kijitabu kizima.

Hapa chuoni kwetu mwanahistoria Dibwe dia Mwembu na wenzake wametumia miaka mingi kukusanya simulizi za wafanyakazi wa Katanga. Nawaheshimu sana. Bila kazi yao, sehemu kubwa ya nilichoeleza kuhusu kambi ningeitegemea kwa kubahatisha. Kazi ya mtu wa siasa ni kuchukua kumbukumbu hizo na kuzirudisha mahali zilikotoka, mikononi mwa watu wanaodai jambo leo.

Sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2018, nilikuwa tayari. Mrabaha wa shaba, yaani malipo ya kampuni kwa serikali kwa madini yanayochimbwa, uliongezwa hadi asilimia 3.5, na kobalti, baada ya kutangazwa madini ya kimkakati, ikafikia 10. Lakini kilichonishika ni mgawanyo wa mrabaha huo: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa utawala wa chini wenye mgodi: komini ya mjini, sekta au utemi wa vijijini. Asilimia 15 si maneno. Inaweza kuwa visima, madarasa, dawa. Nilitoa kijitabu chenye mchoro mmoja wa huo mgawanyo, bila hotuba yoyote. Wamama wa komini moja yenye mgodi walikisoma katika kikundi chao cha likelemba, kile cha kuchangiana fedha kwa zamu, wakaenda ofisini kwa mkuu wao na swali moja: zile 15 za mwaka jana ziko wapi? Hawakupewa jibu la kutosha. Walirudi. Wakarudi tena, safari hii na tarehe za ziara zao za nyuma zimeandikwa. Mwishoni ofisi ikabandika mlangoni orodha ya matumizi, fupi, yenye mapengo, na wao wakainakili yote.

Katika miaka yangu ya jukwaa sikuwahi kuona kitu cha mrengo wa kushoto kama kile. Hakuna aliyetaja jina la chama chochote.

Vijana huelewa vibaya nikifika hapa. Wanadhani nawaambia waache siasa waandike. Hapana. Mimi bado ni mwanachama, nalipa ada, nakaa vikaoni. Namwonea huruma mwandishi anayejiona msafi kwa sababu hana chama, kwani nani atabeba neno lake hadi kwenye sheria? Wamama wale waliuliza swali, lakini bajeti inapitishwa na waliochaguliwa. Ninachosema ni kwamba chama kiwe na karani kabla hakijawa na msemaji. Kijana akiniambia anataka kuanzisha harakati, namuuliza daftari lako liko wapi. Wengi hawarudi. Wachache hurudi, na hao ndio ninaowapa muda wangu.

Mmoja wao ni binti wa Katuba, komini ya hapa mjini, aliyesoma sheria. Tarehe 20 Desemba 2023, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, tulipigia kura madiwani wa komini, naye aligombea. Hakupata. Baadaye alikuja kwangu akaomba daftari zote za 2006 na za nyuma yake, ajue nani alituunga mkono mtaa kwa mtaa na kwa nini. Alizisoma nyumbani kwangu, mezani, kwa sababu sikubali zitoke.

Siku moja akanyanyua ile ya 1992. "Yaya," akasema, kama tunavyomwita mkubwa wetu hapa, "hapa kuna mafundi, makarani, walimu, wachimbaji. Wanawake wako wapi? Ile stesheni ya Likasi walilala wanaume tu?" Nikamweleza kwamba wakati ule tuliandika kichwa cha familia, kama karatasi za kampuni zilivyokuwa zikifanya. Hakuridhika, na ana haki. Sasa tunawatafuta. Rafiki yangu wa Likasi alifariki Kasai, lakini mjane wake yuko Mbuji-Mayi na anapokea simu zetu. Kutoka kambi niliyokulia wamama wawili wamekubali kusimulia na kurekodiwa. Wa tatu anataka kwanza tuzungumze na watoto wake, tuwaeleze sauti yake itahifadhiwa wapi na nani atakuwa na ruhusa ya kuisikiliza. Binti yule anaandika maelezo hayo wiki hii, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na nimemwambia akawasomee wastaafu uani kabla hajayapeleka.